Vizibo vya Siku ya Wageni

Mama Povu alifika mferejini na beseni kichwani, akakuta mfereji umekauka kama koo la mlevi asubuhi. Nyuma yake walikuja wenzake na mafurushi ya ovaroli zinazonuka dizeli. Walisimama wote kulitazama bomba lililochomoza kwenye uzio wa kiwanda cha kusafisha mafuta, bomba ambalo tangu walijue halijawahi kupumzika: mchana na usiku lilitema maji ya moto na mvuke. Leo mdomoni mwake palikuwa na kizibo cha chuma, kimepakwa rangi ya fedha, kinang'aa kama jino la bandia.

"Wametuziba," alisema jirani yake, Mama Pacha.

"Wametuziba sisi au wameliziba bomba?"

"Kwani kuna tofauti?"

Tofauti ilikuwepo, na Mama Povu aliijua, maana hukai na fundi wa mabomba nyumba moja ukabaki hujui kitu. Mle ndani kulikuwa na boila kubwa kama nyumba. Mvuke wake ulizungusha mitambo ya umeme wa mji mzima, kisha ukapelekwa kwenye matangi kupasha moto mafuta mazito ili yaweze kusukumwa. Mvuke ukienda mbali hupoa, ukipoa hugeuka maji, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Yalitakiwa yarudi kwenye boila yakiwa bado ya moto, yachemke tena kwa mafuta kidogo. Hayakurudi. Vidude vya kuyatenga na mvuke vilikuwa vimekufa zamani, na bomba la kuyarudisha lilioza likiwa bado linaandikiwa barua. Ndiyo maana yalimwagwa nje pamoja na mvuke mzima mzima, na wanawake wa mtaa wa nyuma wakapata pa kufulia.

Mama Povu hakujidanganya kwamba ile ilikuwa zawadi yake. Yale yalikuwa mafuta ya nchi, yanachomwa bure ili yeye apate povu, huku taa za mtaani kwake zikikatwa kila jioni kwa sababu eti mafuta hayatoshi. Angeambiwa, "Mama, tumenunua vidude vipya, maji yanarudi boila, katafute mkaa," angenuna wiki moja, halafu angenunua mkaa. Lakini kizibo?

Aligusa bomba kwa ncha ya kidole, akakirudisha upesi.

"Tokeni hapa," aliwaambia wenzake. "Tutafulia maji baridi ya bomba la mtaani leo. Na watoto wasisogee."

*

Jioni umeme ulikuwa umekatika kama kawaida. Mumewe alikuwa anakula kwa mwanga wa kibatari, na mikono ilimwasha kwa ile pamba ya kioo anayofungia mabomba ili yasipoteze joto. Kwa kazi hiyo watu walimwita Blanketi. Mama yake mzazi, ambaye alikuwa akiishi nao, alikaa pembeni akimsogezea mchuzi kana kwamba mwanawe bado hajaota meno.

"Nani kaziba bomba la mferejini?" Mama Povu aliuliza.

Blanketi alitafuna taratibu. "Mimi."

"Wewe?"

"Mimi na Baba Pacha. Na si hilo tu. Tumeziba yote, kuanzia boila mpaka kwenye matangi. Amri ya Bwana Asilimia."

Bwana Asilimia alikuwa mkuu wa mpango wa kupunguza matumizi ya mafuta. Jina lake halisi liliandikwa mlangoni kwake, lakini hakuna aliyelitumia, kwa kuwa mtu huyo hakuweza kuomba hata maji ya kunywa bila kutaja asilimia. Kesho alikuwa na wageni: watu wa wizara pamoja na wale wanaoikopesha nchi fedha za mitambo. Wageni hao wangepitishwa kwa miguu kando ya mabomba. Popote watakapoona mvuke unatoka, wataandika kwamba hapa nishati inapotea.

"Kwa hiyo wanahesabu mawingu," alisema Mama Povu.

"Wanahesabu mawingu. Na kesho hakutakuwa na wingu."

"Si walitoa fedha za kununua vile vidude vipya?"

"Walitoa. Hujaona hema? Hujaona rangi? Mabati yanayong'aa umeyaona, nimeyafunga mwenyewe juu ya pamba iliyooza. Na kila mtu amepewa fulana." Akainyanyua fulana nyeupe kutoka kitini. Kifuani iliandikwa: KILA TONE LINA THAMANI.

"Na matone yenyewe yataenda wapi?"

"Yatakaa ndani ya bomba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wageni waondoke."

"Na yakijaa kabla hawajaondoka?"

"Mungu anajua."

"Usimwingize Mungu, hakupewa spana. Umepewa wewe." Mama Povu aliweka kikombe chini. "Mhandisi anasemaje?"

"Mhandisi anajua. Kila mtu anajua, mke wangu. Maji yakijikusanya, mvuke unakuja nyuma yake kwa kasi na kuyasukuma kama gari lisilo na breki. Mhandisi analijua hilo kuliko sisi sote. Ndiyo maana amechukua likizo."

Mama mkwe alicheka kidogo, kisha akajuta. "Mwache mwenzio ale," alisema. "Kazi ni amri. Mwanangu amekuwa kibarua mpaka mvi zinamtoka, na sasa ameahidiwa ajira ya kudumu ziara ikienda vizuri. Unataka akatae ili iweje? Mje mle hayo maneno yako?"

Blanketi hakumtazama yeyote kati yao. "Ni siku moja tu," alisema. "Nimepangiwa kusimama pale kwenye kona ya mferejini, nikiwa na fulana safi, niwaonyeshe wageni bati lilivyofungwa. Nitasimama, nitacheka, nitarudi."

*

Asubuhi walinzi wa kiwanda walipita mtaa wa nyuma wakiamuru kamba za nguo zishushwe. Wageni wasione chupi za watu, walisema. Mama Povu alikuwa ameanika mashuka ya nyumba ya wageni ya kiwanda, yaleyale ambayo wageni hao wangelalia usiku.

"Ngojeni nitoe vibanio," aliomba.

"Hatuna muda, mama." Mlinzi akaivuta kamba ikakatika, na mashuka meupe yakalala vumbini. Kijana yule alishtuka mwenyewe, kisha akajikaza. "Si unafua? Fua tena."

Mama Povu aliinama na kuokota shuka moja baada ya jingine bila kusema neno. Mama Pacha, aliyemjua vizuri, alisogea akamshika mkono, kwa sababu ukimya wa mwanamke huyo ulikuwa mbaya kuliko matusi yake.

Ndipo waliposikia bomba linagonga. Mara ya kwanza ilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa ustaarabu. Halafu likagonga tena, kwa nguvu, na bati jipya likatetemeka urefu wote wa uzio. Kupitia waya waliona msafara wa kofia nyeupe ukielekea hemani kula, Bwana Asilimia akiwa mbele, mikono hewani, anaeleza. Wakamwona na Blanketi, peke yake kwenye kona, anamkimbilia, anamwonyesha bomba. Bwana Asilimia aliendelea kutabasamu. Alimpiga Blanketi begani, akasema kitu kifupi, akaendelea na wageni wake.

Blanketi alirudi kwenye kona. Alisimama. Bomba liligonga tena, na safari hii hata walinzi waligeuka. Aliangalia hemani, akaangalia upande wa mtaa, ambako watoto walikuwa wamejazana uzioni kutazama magari. Kisha akatoa spana mfuko wa nyuma.

"Baba nanii, acha!" Mama Povu alipiga kelele. "Acha, kimbia!"

Kizibo kililegea kidogo, halafu kikaondoka chenyewe. Wingu jeupe likafunika kona yote. Ndani ya wingu ilisikika sauti ambayo Mama Povu hakuwahi kuisikia kwa mumewe, hata siku walipomzika baba yake.

*

Wodi ya hospitali ya serikali ilikuwa na vitanda vingi na wauguzi wachache. Blanketi alilala chali, kifua na mkono wa kulia vimefungwa bandeji, shingo imepakwa dawa ya manjano. Daktari alisema pale hawana vifaa. Kulikuwa na hospitali kubwa yenye kitengo cha majeraha ya moto, ambako ngozi hupandikizwa, mkono ukaweza kukunjika tena. Bila hivyo utapona umekakamaa.

Bwana Asilimia aliingia na mfuko wa machungwa. Alivaa shati la mikono mirefu na uso wa msibani.

"Pole sana, mama. Poleni wote. Kiwanda kimeguswa mno."

"Kimeguswa wapi?" Mama Povu aliuliza. "Mwenzako kaguswa huku."

Akalimeza hilo. Akavuta kiti, akapunguza sauti. Gari la kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa lilikuwa tayari, alisema. Kiwanda kitagharimia kila kitu mpaka atakapopona, na ajira yake ya kudumu ipo palepale. Ila kulikuwa na jambo dogo. Mkaguzi wa wizara hajaondoka, anataka kujua chanzo. Na chanzo, kwa kadiri walivyoona wao, ni wanawake wa mferejini. Walikasirika maji kukatwa, wakakilegeza kizibo ili wapate ya kufulia.

"Nani alituona?"

"Hakuna haja ya mtu kuwaona. Wewe njoo kesho ofisini, umwambie mkaguzi: nililegeza, sikujua, nisameheni. Hushtakiwi. Nimeshaongea na wakubwa. Uwezekano wa kesi ni asilimia sifuri."

"Na nisiposema?"

Alijikuna kidevu. "Basi itabidi tueleze kwamba fundi alifungua kizibo bila ruhusa. Na aliyefungua bila ruhusa, mama, hana fidia. Sheria siyo yangu."

Alipoondoka, mama mkwe alishuka kitandani kwa mwanawe akapiga magoti sakafuni, mzee wa watu, akamshika mkwewe sketi.

"Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Ni maneno tu, yatapita. Mkono wake haupiti."

"Inuka, mama. Inuka tafadhali, watu wanatuangalia."

"Waangalie!"

Blanketi alifungua macho. Midomo yake ilikuwa imevimba, maneno yalitoka moja moja. "Sema tu, mke wangu. Nani asiyejua ukweli? Wote wanajua. Sema, nipate mkono."

Mama Povu alimwinua mama mkwe, akamkalisha. Akamenya chungwa la Bwana Asilimia, akaondoa kokwa, akamlisha mumewe kipande kwa kipande. Chakula hakikuwa na kosa.

"Nitakwenda," alisema. "Nitasema."

*

Alikwenda akiwa ameamua kudanganya. Hilo halina haja ya kufichwa. Njia nzima alijifundisha yale maneno: nililegeza, sikujua, nisameheni. Aliyarudia kama mtoto anayetumwa dukani. Alivaa gauni lake la harusi za watu, akajifunga kitambaa kichwani, na langoni alimkuta Mama Pacha amesimama na bakuli la chakula, macho mekundu.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimemletea Baba Pacha chakula. Wamempa zamu ya mumeo."

"Zamu ipi?"

"Kwenye bomba. Pale kwenye kona. Wamerudishia kizibo kingine, wakakikaza kwa nyundo. Vile vingine havijatolewa hata kimoja. Vinabaki mpaka mkaguzi amalize vipimo vyake, wanasema ni wiki nzima. Nimemwambia aache kazi. Ananiuliza, tuwalishe mapacha nini?"

Mama Povu aliingia langoni.

Ofisini kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, ile baridi ya watu wanaohubiri kubana matumizi. Mkaguzi alikuwa mtu mzima, mpole, amechoka, miwani imening'inia shingoni. Bwana Asilimia alimvutia Mama Povu kiti kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha.

"Huyu ndiye mama niliyekueleza, mheshimiwa. Amekuja kwa hiari yake."

"Karibu, mama," alisema mkaguzi. "Jisikie huru. Nini kilitokea?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nililegeza. Lakini dirisha lilitazama kiwandani, na kwenye kona, mbele ya bati linalong'aa, alisimama Baba Pacha na fulana nyeupe. Ilikuwa kubwa mno kwake, imemvuka magoti. Alikuwa amejibanza mbali na bomba kadiri alivyoweza bila kuonekana ameacha kazi. Kila lilipogonga, aliruka.

"Mimi sikulegeza kitu," Mama Povu alisema.

"Mama," Bwana Asilimia alitabasamu, "usiogope, tulishazungumza..."

"Tulizungumza. Uliniletea machungwa na uongo. Machungwa tumekula." Akamgeukia mkaguzi. "Mheshimiwa, mlikuja kutafuta mawingu, hawa wakaziba mabomba msiyaone. Maji yamekwama ndani. Mume wangu aliwaambia, wakamwambia asubiri wageni wamalize kula kwanza. Watoto walikuwa uzioni. Akafungua. Sasa yuko wodini hana ngozi, na mwenzake yule pale anasubiri zamu yake."

Mkaguzi alivaa miwani, akaivua. "Mama, pole. Lakini elewa, mimi nimetumwa kukagua matumizi ya mafuta. Usalama una idara yake. Na takwimu hapa zinaonyesha upotevu umeshuka sana."

"Umeshuka kwenye makaratasi. Boila linachoma mafuta yaleyale. Joto lililokuwa linapotea hewani sasa linapotea ndani ya watu, na hilo hamlipimi."

"Tutoke hapa," Bwana Asilimia alisimama. "Mheshimiwa, mama ana uchungu, akili haijatulia. Nakuhakikishia mfumo ni salama, asilimia mia."

"Asilimia mia?"

"Mia."

"Vizuri. Twende tukasimame pale."

Alitoka. Hakukimbia, wala hakungoja kuruhusiwa. Alivuka uwanja na gauni lake la sherehe, akapita chini ya lile hema ambalo bado halijang'olewa, mpaka kwenye kona. Mama Pacha, aliyemwona kutoka langoni, alimpita mlinzi na bakuli lake mkononi, na mlinzi, yule wa kamba ya nguo, akajifanya anafunga kiatu. Nyuma yake wakaja wafuaji wengine waliokuwa wakichungulia uzioni. Mafundi wakaacha kazi kuangalia.

"Baba Pacha, nenda kwa mkeo," Mama Povu alisema. Akasimama mahali pake, mgongo karibu na bati, joto likimchoma kupitia gauni. "Haya, wakubwa. Ni salama asilimia mia. Sogeeni."

Mkaguzi na Bwana Asilimia walikuwa wamefika hadi kwenye mstari wa rangi ya njano, hatua chache kabla ya bomba. Hapo viatu vyao viligoma.

"Mama, ondoka hapo," Bwana Asilimia alisema. Jasho lilimtoka.

"Kwa nini niondoke?"

"Ondoka, nimesema!"

"Sema kwa nini. Hawa wote wanakusikia. Kama ni salama, njoo. Kama si salama, sema."

Bomba liligonga. Bati lilitikisika mpaka kwenye matangi na kurudi. Bwana Asilimia alirudi nyuma mbio, akamkanyaga mkaguzi, naye mkaguzi akarudi nyuma zaidi. Mama Povu alibaki amesimama. Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka hadi walie. Mafundi walimtazama mkuu wao, wakatazama miguu yake.

"Fungeni mvuke," alisema mkaguzi. "Fungeni sasa hivi. Vizibo vitolewe vyote."

Baba Pacha ndiye aliyekimbia kwenda boila. Mvuke ulifungwa, bomba likaachwa lipoe, na mafundi wakaanza kutoa vizibo kwa uangalifu, kimoja kimoja. Mama Povu alifuatana nao toka mwanzo hadi mwisho na hakukubali kiti alicholetewa. Waliporudisha mvuke, mawingu yalichomoza upya urefu wote wa kiwanda, meupe, manene, aibu tupu ya miaka yote hiyo ikionekana na kila mwenye macho.

Mama Povu alipokuwa njiani kutoka, Bwana Asilimia alimkaribia. Hakuwa na tabasamu tena.

"Umeridhika? Basi gari la hospitali lisahau. Mjitegemee."

"Kumbe siku zote tulikuwa tunakutegemea wewe!" alijibu, akapita.

*

Wodini mama mkwe alimwona anavyoingia, akajua. Alijifunika uso kwa khanga na kugeukia ukutani.

Mama Povu alikaa ukingoni mwa kitanda. Gauni lilikuwa limebabuka rangi mgongoni. Blanketi alimwangalia.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Ulivyoambiwa?"

"Nilivyoona."

Alifumba macho. Kifua chake kilipanda na kushuka chini ya bandeji. Kitanda cha pili mtu alikuwa akiomba maji, hakuna aliyempa, na Mama Povu aliinuka akampa, kisha akarudi kukaa.

"Gari haliji, sivyo?"

"Haliji. Nitaanza na wakili wa chama cha wafanyakazi, akinifukuza nitakwenda kwa mwingine. Mkono wako nitaupigania, lakini sikuahidi kitu. Ukitaka kunitukana, nitukane sasa, nimekaa."

Hakumtukana.

"Walimweka nani mahali pangu?"

"Baba Pacha."

Macho yakafunguka. "Yuko wapi?"

"Hapo nje mlangoni. Anaogopa kuingia. Amekuja na ngozi yake yote."

Blanketi aligeuza kichwa kwa shida kuelekea mlangoni, ambako kivuli cha mtu kilikuwa kinasogea na kurudi.

"Mwite aingie," alisema. "Na umwambie asinililie. Akilia yule mjinga nitacheka, na nikicheka kifua kinachanika."